Kiwiko, Kona na Mpindo: Historia ya Jina la Kifaa cha Bomba katika Nyanda za Juu za Kigoma

Miongoni mwa maneno ambayo mfasiri huyapita haraka, akiamini kuwa hayana taabu, limo jina la kile kipande kifupi cha chuma kiunganishacho mabomba mawili yasiyolala katika mstari mmoja. Waingereza wamekipa kipande hicho jina la kiungo cha mkono, nasi tumekuwa tukikiita elbo, kiwiko, kona, benti na pengine pinda, kana kwamba majina hayo yote ni mamoja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa si mamoja, na kwamba kuyachanganya kumekuwa na gharama yake kila mahali ambapo orodha ya vifaa huandikwa na mtu mmoja, ikasomwa na mwingine, na vifaa vyenyewe vikafungwa na wa tatu.

Tumezichagua Wilaya za Kasulu na Kibondo kuwa uwanja wa mjadala huu kwa sababu ya ardhi yake. Kutoka Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, nchi hupanda kuelekea mashariki na kaskazini hata kupita mita 1,200, na huko juu imekatwakatwa na mabonde ambayo maji yake mengi huishia katika Mto Malagarasi. Ni nchi ya chemchemi na miteremko. Mahali penye chemchemi iliyo juu ya kijiji, maji huweza kuteremshwa kwa uzito wake yenyewe, bila mtambo wala mafuta, mradi bomba lifuate mgongo wa kilima, lishuke bondeni, na pengine lipande tena upande wa pili. Bomba la namna hiyo halinyooki. Kwa hiyo kifaa cha kugeuzia bomba si jambo dogo kwa Waha wa nyanda hizo, hata kama jina lake limekuwa likiandikwa kwa namna tano. (Wasomaji watakumbuka kuwa Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo, na Buhigwe kutoka Kasulu, mwaka 2012. Tunaposema Kasulu na Kibondo katika historia ya kabla ya hapo, twamaanisha eneo lote la awali.)

Tuanze na kifaa chenyewe kabla ya jina. Bomba la chuma lililopakwa zinki, ambalo ndilo lililojulikana zaidi katika miradi ya maji ya karne iliyopita, huja kwa vipande vya urefu wa mita 6 hivi, na ncha zake huchongwa hesi. Kupaka chuma zinki kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyushwa ni ufundi uliopewa hataza nchini Ufaransa mwaka 1837. Hesi nazo zina asili yake Uingereza, ambako Joseph Whitworth alipendekeza mwaka 1841 hesi zote ziwe na pembe moja ya nyuzi 55. Kwa bahati njema Wajerumani nao waliikubali hesi hiyo kwa mabomba, na nchi yetu, iliyotawaliwa na Wajerumani kisha Waingereza, haikurithi hesi mbili zinazogombana. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, ndiyo ikawa njia ya kupitishia shehena nzito za namna hii, na kutoka Kigoma mizigo ikapandishwa milimani kwa barabara.

Ugomvi wa hesi ulikuja baadaye, na kwa njia nyingine. Wamarekani wana hesi yao yenye pembe ya nyuzi 60. Katika bomba la nusu inchi na la robo tatu, hesi ya Kimarekani na ya Kiingereza zote zina mizunguko 14 katika kila inchi. Kwa hiyo kiwiko cha asili moja huanza kuingia vizuri katika bomba la asili nyingine, fundi akadhani amefaulu, na maji yakifunguliwa yakavuja. Katika bomba la inchi moja mizunguko ni 11 kwa Waingereza na 11 na nusu kwa Wamarekani, na hapo angalau hitilafu hujionyesha mapema. Mfasiri anayeandika “kiwiko cha nusu inchi” na kuishia hapo amesema jambo ambalo huwa kweli kwa vifaa viwili visivyopatana. Tena, tukumbuke kuwa hiyo nusu inchi yenyewe haipimi kitu chochote tunachoweza kukigusa, kwa maana bomba hilo lina kipenyo cha nje cha milimita 21 na kitu. Ni jina tu, mfano wa “debe” au “pishi”, ambayo watu huendelea kuyataja hata vyombo vyenyewe vikibadilika.

Sasa tuitazame miaka ambayo Kiswahili kilitakiwa kuyabeba haya yote. Mwaka 1967 Serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa Sheria Na. 27. Miaka minne baadaye, mwaka 1971, ukaanzishwa mpango wa miaka ishirini wa maji vijijini, ulionuia kuwa ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Katika Mkoa wa Kigoma mpango huo ulikutana na Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, iliyozikusanya kaya zilizokuwa zimetawanyika vilimani zikawa vijiji. Mtu aliyeishi karibu na chemchemi yake sasa alijikuta anaishi kando ya barabara, na chemchemi imebaki bondeni au juu ya kilima kingine. Kijiji kilichohamia barabarani kilihitaji bomba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Norwei, ukaandaliwa mpango mkuu wa maji wa Mikoa ya Kigoma na Rukwa. Michoro ya mipango ya namna hiyo ilikuwa ya Kiingereza, mazungumzo ya kazi yalikuwa ya Kiswahili, na wachimba mitaro wengi walisemezana kwa Kiha.

Lengo la 1991 halikufikiwa, wala si kazi yetu hapa kueleza sababu zake zote. Linalotuhusu ni kuwa katika miaka hiyo ishirini Kiswahili cha ofisini kilijifunza kusema sera ya maji vizuri sana, lakini hakikujifunza kutaja vifaa vya maji. Tulipata istilahi za uchumi, za sheria na za utawala, tena zilizo nzuri. Kifaa kilichomo ghalani kikaachiwa fundi akiite apendavyo. Tunathubutu kusema kuwa huo ulikuwa upungufu, kwa maana barua ya sera husomwa mara moja, bali daftari la ghala husomwa kila wiki.

Mafundi, kama ilivyo desturi yao, hawakungoja. Walichukua maneno ya Kiingereza wakayavika irabu: elbo, tii, soketi, nipeli, yunioni, redusa. Hatuwadharau kwa hilo. Neno “bomba” lenyewe lilitoka kwa Wareno, na kwao lilikuwa na maana ya mtambo wa kuvutia maji. Sisi tukalihamisha likawa mwanzi wa kupitishia maji, kisha watu wengi wa bara wakaliongezea maana ya mfereji wa kuchotea. Neno la kigeni likishazoea nyumba haliulizwi tena limetoka wapi. Tatizo la “elbo” si ugeni wake, bali ni kuwa haimwelezi lolote yule asiyekijua kifaa, na katika vijiji vya Kasulu na Kibondo asiyekijua kifaa ndiye mara nyingi anayetia sahihi ya kukipokea. Tangu Sera ya Maji ya 2002, na hasa baada ya Sheria ya Huduma za Maji ya 2019 iliyounda RUWASA na kuvipa nafasi vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, wenye kutunza daftari la vifaa na kuagiza vya kubadilisha ni wanakijiji wenyewe.

Basi tutafute jina. Kanuni iliyozoeleka ya kuunda istilahi hutuelekeza tuanze na Kiswahili chenyewe, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, ndipo tutoke nje.

Ndani ya Kiswahili tunalo neno “kiwiko”, nalo limekwisha kuanza kutumika katika vitabu vya ufundi. Linafaa kwa sura, kwani kifaa hiki kinafanana kweli na mkono uliokunjwa. Lakini lina ila moja ambayo haijasemwa vya kutosha. Wapo Waswahili ambao kwao kiwiko si pale mkono unapokunjika katikati, bali ni kifundo kilicho karibu na kiganja, na hao husema “kiwiko cha mguu” kwa maana ya kifundo cha mguu. Pale pa katikati wao huita kisukusuku, au kisugudi, au kivi. Je, kutofautiana huko kunalibatilisha neno? Tunaona hapana, na Kiarabu kitatusaidia kueleza kwa nini. Waarabu wengi wa leo hukiita kifaa hikihiki kwa neno lao “kuʿ”, ambalo katika mazungumzo ni kiwiko cha katikati ya mkono. Katika Kiarabu cha vitabu vya zamani, kuʿ ni ncha ya mfupa iliyo upande wa kidole gumba, karibu na kiganja, na pale pa katikati huitwa mirfaq. Yaani jirani zetu wamepita njia ileile ya kuhama kutoka kifundo hadi kiwiko, na mabomba yao hayajavuja kwa sababu hiyo. Viungo vyote viwili hukunjika, na bomba halina kiganja cha kutuchanganya.

Mataifa mengine nayo yameutazama mwili wa mtu. Wafaransa wana “coude” na Wahispania “codo”, yote ni kiwiko cha mkono. Warusi wamechagua goti. Wajerumani wana goti pia, pamoja na neno lenye maana ya upinde. Hata neno la Kiingereza, ukilichambua, lina sehemu mbili za kale: ya kwanza ni kipimo cha urefu wa mkono, na ya pili ni kupinda. Kipimo hicho ni ndugu wa dhiraa yetu, ambayo hupimwa kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole. Hivyo anayesema “elbo” anataja dhiraa iliyopindwa pasipo kujua.

Katika lugha za Kibantu, Kirundi, ambacho kina udugu wa karibu sana na Kiha, kina neno “inkokora” kwa kiwiko, na Kinyarwanda vilevile. Ni neno zuri na la kale, na mtu wa Kibondo hahitaji kufundishwa maana yake. Hata hivyo hatulipendekezi. Maadamu Kiswahili kina neno lake lenye picha ileile, kuingiza la pili kungeongeza jina la sita juu ya matano tuliyo nayo. Tungependa tu mwalimu wa ufundi afundishaye Kasulu alitaje darasani, maana mwanafunzi akishaona kuwa kiwiko cha bomba ni inkokora, hatasahau.

Hoja hii ya lugha za jirani si ya kinadharia katika wilaya hizi. Baada ya machafuko ya Burundi ya Oktoba 1993, Kibondo na Kasulu zilipokea wakimbizi wengi. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015, Warundi walipokimbia tena, Nyarugusu ilipita watu laki moja, na kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa upya. Kuwapa watu wengi hivyo maji, hata kwa kiwango cha chini cha lita 15 hadi 20 kwa mtu kwa siku, ni kazi ya kulaza mabomba kwa haraka. Katika kazi ya namna hiyo fundi Mtanzania husema elbo na koki, Mkongo husema tiyo na robine kwa asili ya Kifaransa, na Mrundi ana Kirundi chake. Kiswahili kinawaunganisha wote watatu katika kila jambo, isipokuwa majina ya vifaa wanavyopeana mkononi.

Sasa tuyatenganishe yale majina mengine, kwa sababu hapo ndipo penye faida kubwa zaidi.

“Kona” ni mahali. Ni pale njia ya bomba inapogeuka juu ya ardhi, na huonekana katika mchoro hata kabla bomba halijanunuliwa. “Mpindo” ni umbo la bomba lenyewe lililokunjwa, ama kwa mashine ama kwa moto, bila kuongezewa kifaa. Tumeandika “mpindo” kwa makusudi. Neno “pindo” ni la nguo, na “kipinda” ni mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, jambo ambalo hakuna mhandisi anayelitaka katika bomba la maji ya kunywa. “Kiwiko” ni kifaa kinachonunuliwa dukani na kuhesabiwa ghalani. “Pembe” ni kipimo cha kugeuka, nacho hutajwa kwa nyuzi. Kona moja huweza kupitwa kwa kiwiko kimoja, kwa viwiko viwili, kwa mpindo, au kwa kuulaza mtaro katika duara pana hata bomba lijikunje lenyewe kidogokidogo. Anayeandika “kona 12” katika orodha ya manunuzi ameagiza sehemu kumi na mbili za ardhi.

Viwiko navyo ni vya namna nyingi. Vilivyo vingi ni vya nyuzi 90 na vya nyuzi 45. Vingine huungwa kwa hesi, vingine huchomelewa, na vile vya mabomba makubwa katika nyumba za mitambo huwa na flanji za kufungwa kwa bolti. Katika vile vya kuchomelewa kuna tofauti ambayo wafasiri wetu wameihangaikia, nayo ni ya nusukipenyo cha mzunguko. Kiwiko cha namna ya kwanza hugeuka kwa nusukipenyo kilicho sawa na mara moja na nusu ya ukubwa wa bomba, na cha pili kwa nusukipenyo kilicho sawa na ukubwa wa bomba tu. Kwa bomba la inchi 4, cha kwanza hugeuka kwa inchi 6, na cha pili kwa inchi 4. Wengine wameviita “kiwiko kirefu” na “kiwiko kifupi”, na msomaji akadhani ni urefu wa kipande. Sisi tungewafuata madereva. Mtu aliyesafiri kutoka Kigoma kupanda Kasulu anajua maana ya kona kali na kona pana, na anajua kuwa zote mbili zaweza kumgeuza robo ya duara. Basi na iwe “kiwiko cha kona pana” na “kiwiko cha kona kali”.

Je, tofauti hizi zina maana kwa maji yenyewe? Zina maana, ingawa si ile inayodhaniwa na wengi. Hofu ya kawaida ni kuwa kila kiwiko huyapunguzia maji nguvu. Ni kweli, lakini majedwali ya wahandisi hukadiria kiwiko cha kawaida cha hesi cha nyuzi 90 kuwa sawa na bomba lililonyooka lenye urefu wa vipenyo 30 hivi. Kwa bomba la milimita 15 hiyo si hata nusu mita. Katika bomba la kilomita kadhaa kutoka chemchemini, viwiko kumi vya namna hiyo ni kama kuongeza mita nne na nusu za njia. Aidha wapo wanaofundisha kuwa viwiko viwili vya nyuzi 45 ni nafuu kuliko kimoja cha nyuzi 90. Majedwali yaleyale huvipa vipenyo 16 kila kimoja, yaani 32 kwa viwili, na nafuu haipo. Nafuu iko katika kiwiko cha kona pana, na huonekana zaidi katika mabomba mafupi ya nyumba ya mtambo kuliko mlimani.

Jambo la kuogopa mlimani ni msukumo. Maji yanayosimama katika bomba lililoshuka mita 100 kutoka tangini hukandamiza kwa karibu mara kumi ya kanieneo ya hewa. Kwenye bomba la milimita 100 linalogeuka nyuzi 90, nguvu inayotaka kukisukuma kiwiko nje ya kona hufika karibu na uzito wa tani 1.1, na hiyo ni koki zote zikiwa zimefungwa na maji hayaendi popote. Bomba la chuma lililofungwa kwa hesi au kuchomelewa hujishikilia lenyewe. Bomba la plastiki la kuchomekwa halijishikilii, hivyo kona zake huhitaji kiegemeo cha zege kilichobanwa kwenye udongo usiotifuliwa. Hapa ndipo tofauti ya kona na kiwiko inapokuwa ya usalama wa mradi. Kiegemeo huagizwa kwa kona, wala si kwa kiwiko. Tafsiri inayosema “wekeni zege kwenye kila kiwiko” itawafanya wanakijiji wamalize saruji kwenye viwiko vidogo vya koki, na kona kubwa ya bondeni, ambayo labda imepitwa kwa mpindo, iachwe wazi.

Plastiki imechukua sehemu kubwa ya njia ndefu, na haki yake ni hiyo, kwani haipati kutu na hubebwa na mtu mmoja akapanda nayo kilimani. Lakini kipimo chake ni cha kipenyo cha nje. Bomba la plastiki la milimita 63 huenda sambamba na la chuma la inchi 2, ambalo kipenyo chake cha nje ni milimita 60 na kitu, na mwandishi wa daftari ahifadhi vipimo vyote viwili kama vilivyo badala ya kugeuza kimoja kuwa kingine.

Mahali ambapo chuma hakijaondoka ni penye kilula. Bomba la plastiki hufika chini ya ardhi hadi kwenye mguu wake, kisha kiwiko cha chuma hugeuza njia kuelekea juu, kwa sababu jua huiharibu plastiki, na kwa sababu bomba la kuchotea maji huegemewa, huning’inizwa ndoo na hupandwa na watoto. Juu kabisa huwekwa kiwiko kingine kabla ya koki, na hiki mara nyingi huwa na hesi ya ndani upande mmoja na ya nje upande wa pili. Mafundi hutaja upande mmoja dume na mwingine jike, na kila afisa aliyeombwa kuliandika hilo katika barua rasmi amesita. Hatuoni sababu ya kusita. Seremala amekuwa akilitumia neno ulimi kwa kiungo chake tangu zamani, na hakuna aliyemwona kuwa amekosa adabu. Hata hivyo, kwa daftari la ghala, tungependelea ufuatwe mpango mmoja wa maneno, ukianza na kitu, kisha pembe, kisha kipimo, na mwisho ncha zake: kiwiko cha chuma kilichopakwa zinki, nyuzi 90, inchi moja, hesi ya ndani na ya nje, ya Kiingereza. Mwenye kupenda kuandika elbo mahali pa kiwiko na aandike, mradi hayo mengine manne yafuate.